Msaji: Mbao ya Nyumba, Samani na Vyombo vya Baharini

Msaji, ambao katika mashamba ya Tanzania huitwa mtiki, ni mti mrefu wenye majani mapana yanayopukutika wakati wa kiangazi. Asili yake ni misitu ya India, Myanmar, Thailand na Laos. Wajerumani waliuleta Tanganyika mwaka 1898 wakaupanda Mhoro, Rufiji. Leo unapandwa kwa wingi Longuza wilayani Muheza, Mtibwa mkoani Morogoro na katika bonde la Kilombero.

Ubora wote wa msaji umo kwenye kiini. Sehemu hiyo ya ndani ya shina, yenye rangi ya dhahabu inayoiva kuwa kahawia, ina mafuta na kemikali za asili zinazofukuza mchwa na kuzuia kuoza. Ikikaushwa vizuri haivimbi wala kusinyaa sana, hivyo mlango wake haukwami wakati wa masika. Misumari iliyopigiliwa humo haishiki kutu upesi. Sehemu nyeupe ya nje, kwa bahati mbaya, haina kinga hiyo. Mchwa huitafuna kama mbao nyingine dhaifu.

Sifa hizo zilithibitishwa kwanza na maji. Manowari HMS Trincomalee, iliyoundwa kwa msaji huko Bombay na kushushwa baharini mwaka 1817, ingali inaelea Hartlepool, Uingereza. Nchini Myanmar, daraja la U Bein, lenye urefu wa takriban kilomita 1.2, lilijengwa kwa nguzo za msaji katikati ya karne ya 19, na watu bado wanavuka juu yake. Unguja nako, msaji kutoka India ulitumika kwenye baadhi ya ile milango mikubwa yenye nakshi.

Majumbani mbao hii hufaa milango, fremu za madirisha, sakafu, ngazi, vitanda na makabati. Viti vyake huweza kukaa nje kwenye mvua bila rangi. Hugeuka kijivu tu. Fundi, hata hivyo, hana budi kunoa mara kwa mara, kwa kuwa mbao ina chembe za silika zinazofanya misumeno na randa kuwa butu. Mafuta yake nayo huzuia gundi kushika, kwa hiyo maungio hufutwa kwa spiriti kwanza.

Mti uliokatwa ukiwa mchanga huwa na kiini kidogo. Mnunuzi aangalie kichwa cha ubao kabla ya kulipa: kama weupe umezidi, ubao huo haustahili bei ya msaji.