Chanjo ya mdondo ni virusi hai: kwa nini haiui kuku?

Mfugaji akiambiwa kwamba chanjo ya mdondo, au kideri, ina virusi hai, anaweza kusita. Je, si kuingiza ugonjwa bandani kwa mkono wako mwenyewe? Hapana, na sababu iko kwenye umbo la protini moja ya kirusi.

Kirusi cha mdondo hakiwezi kuzaliana chenyewe. Ni uzi wa vinasaba aina ya RNA uliofunikwa kwa utando wenye protini. Ili kizaliane, lazima kiingie ndani ya chembehai ya kuku. Protini moja hukinatisha kwenye chembehai. Nyingine, iitwayo F, huunganisha tando mbili ili RNA ipite.

Protini F ni kama mtego wa panya uliofungwa kamba: kamba isipokatwa, haufyatuki. Wakataji ni vimeng'enya vya kuku mwenyewe.

Kwa kirusi kikali, sehemu ya kukatwa imekaa hivi kwamba vimeng'enya vya karibu kila kiungo huikata. Hivyo kirusi huzaliana mwili mzima, hadi kwenye ubongo. Kuku anahema kwa shida, anaharisha kijani, shingo inapinda, na banda linaweza kuisha kwa siku chache.

Kwa kirusi cha chanjo ya I-2, sehemu hiyo hukatwa na vimeng'enya vya njia ya hewa na utumbo tu. Huzaliana kidogo hapo, na mwili wa kuku unajifunza kujikinga. Mbegu ya chanjo hii ilitoka Australia, na sasa inatengenezwa hapa Tanzania. Huvumilia joto kuliko chanjo nyingi, lakini usiiache juani.

Mambo ya kuzingatia:

- Weka tone moja kwenye jicho moja la kila kuku, vifaranga pia, na rudia kila baada ya miezi mitatu.
- Chanja kuku wenye afya, kabla ugonjwa haujafika. Chanjo haiponyi kuku anayeumwa, na kinga huchukua wiki mbili hivi kujengeka.
- Kuku uliyemnunua sokoni Kiwira au Tukuyu mtenge wiki mbili kabla ya kumchanganya na wengine.
- Kuku aliyekufa kwa mdondo mzike au mchome, usimtupe migombani.

Ukiona dalili, mwite afisa mifugo wa kata yako mapema.