Minde wa Kilimanjaro: anakwisha na hatujamjua

Ukiuliza mnyama gani wa Tanzania yuko hatarini, kila mtu atakuambia faru na tembo. Sawa, hao wanaonekana. Lakini huku kwetu Machame, juu ya migomba na kahawa, yupo mnyama asiyepatikana nchi nyingine yoyote duniani, na vijana wengi wa Moshi hata jina lake hawalijui. Anaitwa minde.

Minde ni jamii moja na funo, ila mkubwa zaidi, anafika hata kilo 50 na kitu. Ni kahawia iliyokolea, karibu nyeusi, na katikati ya pembe zake fupi ana kishungi chekundu-chekundu. Wanasayansi walimwandika mara ya kwanza mwaka 1890, baada ya kupatikana hapa hapa Kilimanjaro. Picha yake ya kwanza akiwa hai porini ikaja kupatikana 2003, tena kule Udzungwa, kwa kamera ya kutegesha. Jamani, miaka 113! Ndivyo anavyojificha.

Sasa nani anammaliza? Kwanza ni mtego wa waya. Mtu anatega kwenye njia ya wanyama, anarudi nyumbani kulala. Yeye anataka funo wa mboga, lakini waya hauchagui. Na minde huzaa mtoto mmoja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo pengo lake halizibiki haraka.

Pili ni msitu wenyewe. Mwaka 2001 msitu ulikaguliwa kwa ndege, ikahesabiwa miti ya asili zaidi ya 8,000 iliyokatwa kinyume cha sheria, mingi ikiwa ya kamfa. Juu nako kuna moto. Mlima uliungua 2020, ukaungua tena 2022.

Msijidanganye kwamba haya ni mambo ya watalii. Ule ukungu unaouona juu ukigusa majani na kuvumwani hugeuka matone, matone yanaingia ardhini, ndiyo hayo yanayolisha Weruweru, Kikafu na mifongo ya mababu zetu. Anakoishi minde ndiko yanakotoka maji yako.

Binafsi naona kuna jambo hatulizungumzi. Tangu 1941 ukanda wa nusu maili chini ya msitu ulitengwa kwa ajili ya wananchi kupata kuni na majani ya ng'ombe. Mwaka 2005 msitu wote, pamoja na ukanda huo, ukaingizwa ndani ya hifadhi ya taifa. Nia nzuri, sikatai. Ila mama aliyezoea kupita pale kila siku ndiye angekuwa wa kwanza kuuona waya. Akishakuwa anaogopa kukamatwa na mzigo wake wa kuni, ataenda kumwambia nani? Mtegaji yeye anaingia usiku, hana habari.

Askari wa hifadhi peke yao hawatoshi kwa mlima mkubwa namna hii. Ulinzi wa kweli utatoka kwa watu wa mpakani, na wao watalinda kitu wanachokiona ni chao.

Nyie mnaokaa karibu na msitu mnasemaje? Wazee wenu wanamkumbuka minde? Waulizeni wangali hai.