Sewa Haji: Tajiri Aliyewaachia Wagonjwa Mali Yake

Watu wa Posta na Kariakoo waendao Muhimbili kumjulia hali mgonjwa, mara nyingi huelekezwa: "Amelazwa Sewahaji." Wengi hulitaja jina hilo kama jina la jengo tu, wala hawajui kuwa ni jina la mtu, Muislamu mfanya biashara, aliyezaliwa mwaka 1851. Basi tumeona ni vema vijana wetu wajue habari zake.

Sewa Haji Paroo alikuwa wa jamaa ya Makhoja Waismaili, na biashara yake ilikuwa Bagamoyo, mji uliokuwa mlango wa bara. Kazi ya misafara ilikuwa hivi: mfanya biashara hutwaa bidhaa, nyingi kwa mkopo wa Unguja, yaani merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba; huzikabidhi kwa wapagazi, kila mmoja mzigo wa kadiri ya frasila mbili, nao huenda kwa miguu hata Tabora na Ujiji. Pembe za ndovu hurudi baada ya miezi mingi, na pengine zisirudi kabisa. Maradhi au vita vikiumeza msafara, deni hubaki palepale.

Mwaka 1871 Henry Stanley alifika Bagamoyo kutaka wapagazi wa safari ya kumtafuta Dakta Livingstone, akaafikiana na Sewa Haji, naye ni kijana wa miaka kama 20. Baadaye Stanley alimlalamikia katika kitabu chake kuwa ni mpunjaji. Hayo ni maneno ya upande mmoja, lakini hatuyafichi, maana biashara ile haikuwa ya malaika: bunduki na baruti zilikuwa miongoni mwa bidhaa zake, na mgongo wa mpagazi ndio uliobeba yote.

Hata hivyo mtu hapimwi kwa alichokichuma peke yake. Hupimwa pia kwa alipokiweka. Sewa Haji alitoa nyumba ya ghorofa Bagamoyo iwe shule isiyobagua watoto kwa rangi. Kisha akatoa fedha za kujengea hospitali Dar es Salaam, ya Waafrika na Wahindi. Alifariki Februari 1897, hajafikisha miaka 50, na mwaka huo huo hospitali ikaanza kazi. Katika wasia wake aliiachia serikali majumba na viwanja, ili pato lake liwafae wagonjwa, wenye ukoma wakiwamo.

Tazameni yaliyofuata. Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Kigoma mwaka 1914. Misafara ikafa, na Bagamoyo ikapoa. Hospitali haikufa. Mwaka 1956 ikapewa majengo mapya na jina la Princess Margaret, kisha ikawa Muhimbili, na jina la Sewa Haji likabaki katika jengo la wagonjwa.

Enyi wazazi mlio na maduka, fungu hili lawahusu. Ni maduka mangapi yamefungwa na ugomvi wa warithi, kwa kuwa baba alisema kwa mdomo na hakuandika? Sheria yetu humpa mtu ruhusa ya kuusia hadi thuluthi ya mali yake kwa wasio warithi. Mwenye ghorofa ana thuluthi, na mwenye meza ya vitenge naye anayo. Iandikeni ninyi wazima, mbele ya mashahidi, mtaje na itakakokwenda. Sadaka iendeleayo haimngoji mtu awe tajiri.