NYUMBA YA KUPANGISHA: MALI AU MZIGO?

Katika miji yetu, Lubumbashi, Likasi, Bukavu na mingineyo, mtu aliyejiwekea akiba kidogo huwaza kwanza jambo moja: kununua parseli, kujenga nyumba na kuipangisha. Mwalimu huwaza hivyo, mfanyabiashara vilevile, na hata mjane aliyeachiwa kiwanja na marehemu mume wake. Wazo hilo ni jema. Nyumba haiozi kama mahindi, wala haiibwi usiku kama baiskeli. Kodi ya kila mwezi yaweza kuwalipia watoto shule, na kumtunza mzee asiyeweza kazi tena.

Lakini twaona pia jamaa nyingi ambazo nyumba imewaletea kesi badala ya faraja. Mmoja amemlipa mtu asiye na haki juu ya parseli. Mwingine amegombana na mpangaji mpaka majirani wakaitwa kuamua. Tukichunguza sababu, mara nyingi twakuta ni ile ile: watu walitumainia matofali, wakadharau karatasi. Wahenga walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi leo twataka kueleza namna ya kuepuka hasara hiyo, kwa mwenye nyumba na kwa wakala pia, yule ambaye kwetu huitwa komisionere.

Cheti kwanza, matofali baadaye

Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ya Kongo ni mali ya Serikali. Mtu hanunui udongo wenyewe. Hupata haki ya kuutumia, na Mkongo aweza kupewa haki hiyo kwa daima. Haki hiyo huthibitishwa na kitu kimoja tu, ndicho cheti cha uandikishaji kinachotolewa na ofisi ya hati za ardhi. Karatasi ya kuuziana iliyotiwa sahihi mbele ya mkubwa wa mtaa ni ushuhuda wa mapatano, lakini si cheti.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata franka moja, nenda mwenyewe katika ofisi hiyo ukaulize mambo matatu. Cheti kimeandikwa kwa jina la nani? Namba na mipaka ya parseli zapatana na zile ulizoonyeshwa? Je, parseli imewekwa rehani, au ina kesi? Ukiisha kununua, usilale. Fanya bidii cheti kiandikwe kwa jina lako. Sheria hiyo yasema kwamba cheti kikiisha kutimiza miaka miwili, haki iliyoandikwa ndani yake haiwezi tena kuvunjwa. Aliyeonewa ataweza kudai fidia tu. Mtu mwingine akikutangulia kupata cheti cha parseli hiyo, nawe ukanyamaza miaka miwili, utaikosa parseli, na fidia yenyewe utaifuata barazani.

Ukinunua kwa warithi, jihadhari mara mbili. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 yawaweka watoto wa marehemu katika daraja la kwanza la warithi, wa kike kwa wa kiume, na mjane naye ana haki zake. Kaka mkubwa hawezi kuuza peke yake kana kwamba wadogo zake hawakuzaliwa. Omba sahihi za wote, hata za dada aliyeolewa mbali.

Halafu tazama ardhi yenyewe. Bukavu ni mji wa milima, na katika majira ya mvua udongo wa mitelemko huporomoka pamoja na nyumba zilizojengwa juu yake. Parseli ya bei rahisi kando ya korongo yaweza kuwa ghali kuliko zote.

Hesabu ya kweli

Sisi walimu twajua kwamba hesabu iliyoanza vibaya haiwezi kumalizika vizuri. Tuchukue mfano. Mtu ametumia dola 15,000 kwa parseli na nyumba, naye ataipangisha kwa dola 100 kwa mwezi. Hujisemea: “Nitapata 1,200 kwa mwaka, kwa miaka kumi na miwili na nusu fedha yangu yote itakuwa imerudi.” Amesahau kwamba mpangaji mmoja akihama, nyumba yaweza kukaa mwezi mzima bila mtu. Amesahau bati linalovuja, choo kinachojaa na rangi inayobanduka. Tukiondoa dola 100 za mwezi mtupu na 200 za matengenezo, zabaki 900. Basi fedha itarudi baada ya miaka karibu kumi na saba, na bado hatujahesabu ushuru.

Maana ushuru upo. Ushuru wa pato la nyumba za kupangisha ni fungu la jimbo, kufuatana na Katiba ya mwaka 2006. Ulizia kiasi chake katika ofisi ya jimbo lako, uuweke katika hesabu tangu siku ya kwanza. Anayekopa kwa riba ili ajenge, bila kufanya hesabu hii, ajifunga kamba shingoni.

Garanti si chakula

Jambo linaloleta ugomvi kuliko yote ni garanti. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya upangaji wa nyumba yasema kwamba, kwa nyumba ya kukaa, garanti isipite kodi ya miezi mitatu. Lakini wenye nyumba wengi huomba miezi sita na zaidi, tena huila mara moja. Siku mpangaji anapotaka kuhama, mwenye nyumba hana kitu mkononi. Naye mpangaji hujibu: “Basi nitakaa bila kulipa mpaka garanti yangu iishe.” Hapo urafiki umekwisha.

Garanti ni amana. Iweke katika benki au mahali pa salama, usiihesabu kuwa pato lako. Andika mapatano katika karatasi mbili zilizo sawa: majina, kodi, siku ya kulipa, kiasi cha garanti, na nani atakayetengeneza nini. Pita chumba kwa chumba pamoja na mpangaji, mwandike hali ya milango, vioo na mabomba. Soma mita, mhakikishe kwamba hakuna deni la zamani la maji ya REGIDESO wala la umeme wa SNEL. Kila kodi ilipwayo, toa risiti.

Ukitaka nyumba yako, nayo ilipangishwa bila muda maalum, mpe mpangaji taarifa ya miezi mitatu kwa maandishi. Akikataa kutoka, mwamuzi ni hakimu. Kung'oa mlango au kukata maji ni kujifanyia sheria mwenyewe, na mwenye haki aweza kuipoteza kwa hasira ya saa moja.

Kwa komisionere

Kazi ya komisionere ni ya heshima ikifanywa kwa uaminifu. Desturi ya watu wengi ni kumlipa kodi ya mwezi mmoja, naye astahili ujira huo akiwa amewakutanisha watu wawili wasiojuana. Lakini asipokee garanti mkononi mwake. Mpangaji aikabidhi kwa mwenye nyumba mbele ya mashahidi. Asionyeshe nyumba kabla ya kupata ruhusa ya mwenyewe kwa maandishi. Asiahidi nyumba moja kwa watu watatu. Tena aseme wazi kasoro za nyumba: kama maji hutoka usiku tu, mpangaji ajue kabla hajalipa. Komisionere mwongo hula mara moja. Mkweli hutafutwa na watoto wa wale aliowahudumia.

Mwisho, twageuka kwenu ninyi wanafunzi. Vyeti hivi na mapatano haya kwa kawaida huandikwa kwa Kifaransa, na wengi wa wazee wetu hawakisomi. Baba au mama akiletewa karatasi ya kutia sahihi, kaa karibu naye, umsomee neno kwa neno na kumweleza maana yake. Kama kuna neno usilolielewa, mwombe angoje mpaka mtakapompata wa kuwaeleza. Kungoja siku moja hakujaangusha nyumba ya mtu.