Pipa, Kichuguu na Moshi

Pipa lenyewe lilikuwa la buluu, la ujazo wa lita 200, zima, halina tundu wala kutu, limesimamishwa langoni kwa fundi mmoja wa kuchomelea vyuma huko Ruashi, na bei yake ilikuwa nafuu kiasi cha kumtia mtu tamaa; nami, ambaye kwa muda wa miezi mitatu nilikuwa nikitafuta chombo cha kubanikia nyama kwa moshi, nilikwisha kuligonga kwa vidole na kuridhika na mlio wake, nilikwisha kuchagua hata mahali pa kutoboa matundu ya hewa, ndipo fundi yule, ambaye kimya chake kingalimpatia faida, aliponivuta kando na kuniambia kwa Kiswahili cha huku kwetu: "Ile pipa ilitokaka ku mine, tata. Haiko ya kupikia nyama."

Maneno hayo machache, kwamba pipa lilitoka machimboni, yalibeba kemia nyingi. Lubumbashi ni mji uliozaliwa na shaba: uliasisiwa mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuri yake ikaanza kuyeyusha madini, na hadi leo katika Ruashi machimbo na nyumba za watu hutazamana. Katika kazi ya kuchambua madini ya shaba hutumika madawa ya aina aina, miongoni mwao ksanthati, ambayo hushikamana na chembe za madini ili zipande juu pamoja na povu na kuyaacha mawe chini. Na ksanthati ikipata joto huvunjika na kutoa disulfidi ya kaboni, mvuke wenye kuwaka upesi na kudhuru mishipa ya fahamu. Dawa ikiisha, pipa huanza safari yake, likipita mkono kwa mkono mpaka hapana tena ajuaye lilikotoka. Kulisugua kwa sabuni hakutoshi, kwa maana mshono wa chini huhifadhi mabaki ambayo jicho haliyaoni. Hata pipa lililobeba mafuta ya kula lina hila yake, kwa kuwa ndani aghalabu hupakwa rangi ya kuzuia kutu, ambayo sharti iunguzwe kwa moto mkali wa kuni na kisha ikwanguliwe mpaka chuma kitupu kionekane. Waya za mabati za kupangia nyama nazo ni vivyo hivyo: zinki iliyozifunika huyeyuka kwenye nyuzi 420, joto ambalo makaa mekundu hulipita bila taabu. Atakaye kujitengenezea chombo chake, basi, na aulize kwanza nasaba ya chuma, kama wazee waulizavyo nasaba ya mchumba.

Kabla sijaendelea, nimtake radhi msomaji wa pwani. Hapa Lubumbashi ukisema unatafuta makala utaletewa gunia, si gazeti, kwa maana neno hilo kwetu ni makaa ya kupikia, yale yaingiayo mjini alfajiri yamefungwa juu ya baiskeli. Jiko lake huitwa mbabula, ugali huitwa bukari, na kisamvu huitwa sombe. Na nyama ya mbuzi ichomwayo barabarani jioni ni michopo. Haya ni makala juu ya makala, na msomaji asije akalaumu.

Michopo hutaka moto mkali na wa karibu, na mwenye njaa hula muda si mrefu baada ya kuagiza. Nyama ya moshi ni shughuli nyingine kabisa: hutaka joto la nyuzi 100 hadi 120 tu, kwa saa sita, nane au zaidi, ili zile nyuzinyuzi ngumu ziitwazo kolajeni, zilizojaa katika mguu na bega la mbuzi, zilegee taratibu na kugeuka jelatini, na joto la namna hiyo halipatikani kwa kupunguza makaa peke yake, bali kwa kuunyima moto pumzi. Hapo ndipo ilipo siri yote ya chombo hiki, kiwe cha dukani au cha mkono: ni kasha la kuubania moto hewa. Kilo moja ya kaboni tupu, ili iungue yote, huhitaji hewa yenye uzito wa kilo 11 na nusu hivi. Na kwa kuwa Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa meta 1,200 hivi, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Bagamoyo kwa kadiri ya sehemu moja katika nane, kilo hizo hujaza huku kwetu karibu meta 11 za ujazo, yaani mapipa 55 kama lile la buluu. Mapipa 55 ya hewa, nayo yapite polepole, usiku kucha, katika tundu linalozibika kwa kidole gumba! Tundu likizidi upana, moto huamka na nyama hukauka. Likifinywa kupita kiasi, kuni hufuka moshi mweupe mzito, wenye kutoa machozi, na nyama huwa chungu kama shubiri.

Moshi unaotakiwa ni ule mwembamba, wenye rangi ya samawati, ambao huonekana tu ukiutazama dhidi ya kitu cheusi. Mti umejengwa hasa kwa selulosi, hemiselulosi na lignini. Hemiselulosi ndiyo ya kwanza kusalimu amri, kuanzia kadiri ya nyuzi 200, na miongoni mwa yale itoayo ni asidi ileile iliyomo katika siki, ambayo husaidia kuihifadhi nyama. Lignini huchelewa, lakini ndiyo itoayo gwayakoli na siringoli, ambazo pua huzitambua mara moja kuwa harufu ya kitu kilichobanikwa. Kuni zikizidi kupata moto, na hasa mafuta ya nyama yakidondokea makaa, huzaliwa ukoo mwingine wa kemikali, na mmoja wao, benzopireni, ni kisababishi cha saratani. Umoja wa Ulaya, ambao hapo awali uliruhusu mikrogramu 5 za benzopireni katika kilo ya nyama au samaki wa moshi, ulishusha kiwango hicho hadi mikrogramu 2 mwaka 2014; na mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Mimi hutumia matawi ya mwembe yaliyokauka mwaka mzima. Mbao zilizopakwa rangi, na mataruma ya reli yaliyonyweshwa kreosoti, sitazikaribisha hata kwa kuchemshia maji.

Elimu hii haikuanzia kwa wenye kula nyama ya moshi kwa anasa. Samaki wanaofika masoko ya Lubumbashi kutoka Kasenga na ziwa Mweru wamebanikwa moshi kwa sababu bila moshi wasingefika. Na uvumbuzi mkubwa wa kazi hii barani kwetu ulitoka katika mtaa wa wavuvi uitwao Chorkor, mjini Accra, ambako mnamo miaka ya 1969 hadi 1971 wanawake wakaushaji samaki, wakishirikiana na wataalamu wa chakula wa Ghana na shirika la FAO, walibuni jiko la udongo la mstatili, lenye matreya ya mbao yaliyopangwa moja juu ya jingine hata matreya yenyewe yakawa ndiyo dohani. Baadaye chuo cha uvuvi cha Thiaroye, nchini Senegali, kiliongeza sinia la kukinga mafuta yasiangukie makaa. Sinia tu! Lakini kwa sinia hilo benzopireni hupungua sana, na asiyelitia katika chombo chake, cha kununua au cha kujenga, ameacha jambo kubwa kuliko yote.

Jirani yangu, mfanyabiashara mwenye uwezo, hakutaka taabu hizi. Alijinunulia jiko la moshi lililokwisha kutengenezwa, likapitia mpaka wa Kasumbalesa kama bidhaa zetu nyingi, likawasili ndani ya sanduku lenye picha ya mbavu za ng'ombe zinazong'aa. Sina dharau kwa vyombo vya dukani, na vingine kati yao ni uzao wa watu waliojitengenezea: mwaka 1952 George Stephen, aliyekuwa mfanyakazi wa Weber Brothers Metal Works ya Chicago, mahali palipoundwa maboya ya chuma, alikata boya, akalitia miguu na kifuniko, akatoboa matundu ya hewa, na kutokana na hilo likapatikana jiko la mviringo lijulikanalo leo duniani kote. Yapo pia yanayolishwa vumbi la mbao lililoshindiliwa, kwa parafujo iendeshwayo na umeme; hayo kwa Ruashi nayaacha, kwa kuwa umeme wetu una tabia ya kuondoka bila kuaga.

Taabu ya jirani ilianzia kwenye kijitabu. Kilimwagiza kwamba, kabla ya kutumia kipimajoto, atumbukize sindano yake katika maji yanayotokota, nayo ionyeshe nyuzi 100. Ikaonyesha 96. Akaongeza makaa katika mbabula mpaka maji yakafurika, 96. Akaja kwangu amekishika kipimajoto kama mtu aliyeshika mwizi, akitaka nimwandikie barua ya malalamiko kwa Kiingereza. Walakini kipimajoto hakikuwa na kosa: kwenye mwinuko wetu hewa huyagandamiza maji kwa nguvu pungufu, nayo hutokota mapema, kwenye nyuzi 96 hivi. Kijitabu kiliandikwa na mtu wa pwani, pwani ya mahali fulani, asiyefikiri kwamba watu wengine huishi juu. Kosa la kweli lilikuwa mahali pengine, katika bati jembamba la jiko, ambalo usiku wa Juni na Julai, baridi ikishuka chini ya nyuzi 10, humwaga joto nje kwa ukarimu, na kumlazimisha mwenye jiko kuamka kila baada ya saa moja kuongeza makala.

Mimi niliacha pipa nikageukia kichuguu. Pande hizi vichuguu huota hata vikapita paa la nyumba, na mafundi wa matofali huvichimba kwa sababu mchwa wamekwisha kufanya kazi ngumu, ya kupandisha udongo laini kutoka chini na kuugandisha kwa mate yao. Wafua shaba wa zamani wa Katanga, tangu kabla ya tanuri za Wazungu, walijenga tanuri zao kwa udongo huohuo, na shaba haiyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 1,085. Udongo uliostahimili hayo hautashindwa na mguu wa mbuzi. Fauka ya hayo, chuma hupitisha joto kwa kadiri ya mara 70 kuliko tofali, hivyo ukuta wa tofali, ukisha kushiba moto, huurudisha ndani polepole hata makaa yakilala.

Nililijenga jiko langu kwa siku mbili: kina cha meta moja, upana wa hatua moja ya mtoto, chumba kidogo cha moto pembeni badala ya chini, sinia la mafuta katikati, tundu la hewa lenye kigae cha kusukuma, na dohani ya matofali iliyonizidi kimo kwa shibri mbili. Siku ya tatu, kwa pupa, niliwasha moto mkubwa. Maji yaliyokuwa yangali ndani ya udongo yakageuka mvuke, ukuta ukalia kama mtu anayevunja miwa, na ufa ukapanda kutoka mlangoni hadi juu. Nikaubomoa upande huo, nikaujenga upya, na safari hii nikaukausha kwa vijimoto vya vijiti wiki nzima.

Jumamosi moja ya Julai jirani alikuja na kipimajoto chake, kile ambacho peke yake katika ununuzi wote ule ningemshauri mtu yeyote akinunue. Tulidunga mguu wa mbuzi. Joto lilipanda vizuri hadi nyuzi 68, likasimama. Ni jambo la kawaida: maji yanayotoka katika nyama huvukizwa usoni pake, na uvukizi huo huipoza nyama kama jasho linavyompoza mchimbaji, kwa saa nyingi wakati mwingine, mpaka uso ukauke. Nilikuwa nimemweleza yote hayo. Saa tisa, 68. Saa kumi, 68. Saa kumi na mbili, giza linaingia, uzi mwembamba wa samawati ungali ukitoka katika dohani, akaichomoa sindano, akaifuta kwa shati lake, akaniuliza kama nina maji ya moto ya kuipimia tena. Nikamwambia mama watoto atuletee bukari na sombe, kwa sababu nyama ile haikuwa ya usiku ule.