Ford Focus ya bei nafuu au Demio? Kagua kwanza, tuma pesa baadaye

Oktoba bonasi ya majani chai ikishaingia, kuanzia Rukuriri upande wa Embu hadi Kinoro na Imenti upande wa Meru, makundi ya WhatsApp hujaa picha za magari. Vitz, Demio, Note, Passo. Na mara mojamoja katikati yao utaona gari lenye sura nzuri na bei ya kushangaza: Ford Focus iliyotoka Uingereza, viti safi, rangi inang'aa, na bei iko chini ya Demio ya umri huohuo.

Tuseme wewe ni mwalimu Nkubu. Una laki nne na nusu ulizoweka kwenye sacco kwa miaka kadhaa, na gari liko Embu. Unapiga simu. Mwenye gari ni mtu mpole, anajibu kila swali. Kisha anamalizia hivi: "Mwalimu, kuna mtu wa Maua anakuja kesho asubuhi na pesa mkononi. Lakini wewe umeongea vizuri. Nitumie elfu ishirini tu nikuwekee."

Usitume. Ukaguzi wa gari unaanzia hapo, kabla hujaliona hata kwa macho.

Watu wengi hudhani kwamba pesa iliyotumwa kwa simu inaweza kurudishwa wakati wowote, mradi upige huduma kwa wateja. Huduma ya kurudisha muamala iko kwa ajili ya mtu aliyekosea nambari, na hata hapo inategemea kama pesa bado imo kwenye akaunti ya aliyepokea. Akishaitoa kwa wakala, hakuna cha kuzuia. Na wewe hukukosea nambari. Ulimtumia mtu uliyemkusudia, kiasi ulichokusudia, ukaweka PIN yako mwenyewe. Akibadilisha maneno kesho, hilo limekuwa jambo la polisi na mahakama. Kama kweli mtu wa Maua yupo, mwache anunue. Magari madogo hayajaisha Kenya.

Shilingi 550 za kwanza

Badala ya elfu ishirini, omba nambari ya usajili wa gari na picha ya hati ya umiliki, ile sote tunaiita logibuku. Muuzaji wa kweli hana sababu ya kukunyima. Kisha ingia kwenye akaunti yako ya eCitizen, fungua huduma za NTSA, na uombe rekodi za gari hilo. Ada yake ni takriban shilingi 550 na unailipa kwa simu palepale. Utapata jina la mwenye gari, nambari ya chesisi, nambari ya injini, rangi na mwaka wa kuundwa. Fanya hivyo mwenyewe. Rekodi ambayo muuzaji amekutumia kama faili kwenye WhatsApp si rekodi, kwa sababu mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kubadilisha jina juu ya karatasi.

Sasa linganisha majina matatu: jina kwenye rekodi, jina kwenye kitambulisho cha huyo anayekuuzia, na jina linalotokea kwenye simu yako unapotaka kumtumia pesa. Yakiwa tofauti, uliza. Wakati mwingine kuna sababu nzuri: gari ni la mama yake, au yeye ni broka. Broka si mwizi, ni kazi kama nyingine. Lakini mwenye mali azungumze na wewe mwenyewe, na pesa ya gari iende kwake, halafu broka alipwe kamisheni yake kando.

Angalia pia kama kwenye umiliki kuna jina la benki, sacco au kampuni ya mikopo. Likiwepo, gari hilo bado ni dhamana ya deni, na haliwezi kuhamishwa mpaka mkopeshaji aliachilie. Tangu sheria ya dhamana za mali zinazohamishika ya 2017, wakopeshaji huandikisha dhamana kama hizo kwenye sajili maalum, na mnunuzi anaweza kuitafuta vilevile kupitia eCitizen. Gari linalouzwa "haraka kwa sababu mwenyewe anasafiri" ni vizuri kulitafuta huko kabla ya kitu kingine.

Jambo dogo kuhusu umri: herufi za nambari ya gari zinakuambia liliposajiliwa Kenya, hazikuambii lilipoundwa. Sheria inaruhusu kuingiza gari lenye umri usiozidi miaka 8. Kwa hiyo gari la KDA lililosajiliwa mwaka 2020 linaweza kuwa la 2013. Mwaka wa kuundwa ndio unaopanga bei.

Kwa nini Focus ni rahisi

Gari la Kimarekani lililotumika Marekani kwenyewe huwezi kulileta hapa kwa matumizi ya kawaida, kwa maana usukani uko kushoto. Kwa hiyo Focus na Fiesta tunazoziona Meru na Embu ni Ford zilizotengenezwa kwa nchi za usukani wa kulia, na nyingi hutokea Uingereza. Hapo kuna mitego miwili na faida moja.

Mtego wa kwanza ni mileji. Dashibodi ya gari la Uingereza huhesabu maili. Ukiambiwa "imetembea elfu themanini tu" na ukailinganisha na Demio ya kilomita elfu themanini, umepunjwa bila mtu kusema uongo: maili 80,000 ni karibu kilomita 129,000. Mtego wa pili ni kutu. Kule barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi hiyo hula chuma cha chini ya gari. Boneti itang'aa huku mabomba ya breki yameliwa. Lipandishe gari juu ya shimo la gereji uangalie kwa tochi.

Faida ni kwamba Uingereza ina ukaguzi wa kila mwaka unaoitwa MOT, unaoanza gari likifika miaka 3, na serikali yake imeweka matokeo wazi kwenye mtandao bila malipo. Ukiwa na nambari ya zamani ya usajili wa Uingereza, utaona mileji ya kila mwaka na makosa yote yaliyopatikana. Mwambie muuzaji akupe nambari hiyo, ipo kwenye karatasi za kuingiza gari. Kama mwaka 2016 lilikuwa na maili 91,000 na leo dashibodi inasoma 70,000, rudi nyumbani. Kwa gari la Japani, uliza cheti cha kusafirishia nje au karatasi ya mnada. Nazo huandikwa mileji, ingawa magari yaliyokaa hapa miaka mingi mara nyingi karatasi hizo zimepotea.

Kisha kuna giaboksi. Baadhi ya Focus na Fiesta otomatiki zina giaboksi ya klachi mbili ambayo Ford iliiita PowerShift. Huko Marekani wenye Focus za 2012 hadi 2016 na Fiesta za 2011 hadi 2016 waliishtaki kampuni kwa sababu ya kutetemeka na kusitasita kwake, na mwaka 2020 mahakama ikaidhinisha makubaliano ya fidia. Fidia hiyo haikuhusu wewe uliye Nkubu. Ukiachilia breki na gari likatetemeka kama punda anayekataa mzigo, ujue umeshaambiwa. Zile zenye injini ndogo ya EcoBoost ya lita moja zina mkanda unaozunguka ndani ya oili. Oili isiyo sahihi huuharibu mkanda huo, na ukikatika injini imekwisha. Uliza oili gani imekuwa ikiwekwa. Jibu likiwa "oili ya kawaida tu", hesabu gharama.

Usidanganyike na habari kwamba Demio na Fiesta ni ndugu. Ni kweli, Demio ya 2007 hadi 2014 ilijengwa juu ya msingi mmoja na Fiesta, siku zile Ford ilipokuwa na hisa kubwa ndani ya Mazda. Lakini injini na giaboksi si zilezile. Spea za Demio utazikuta Makutano hapo Meru mjini, na fundi yeyote ameshaifungua. Spea ya Focus mara nyingi ni simu ya Nairobi, kusubiri, na gharama ya kifurushi. Mimi ningenunua Demio. Mwenye fundi anayeijua Ford na subira anaweza kupata Focus nzuri kwa pesa kidogo. Wapo, ila si wengi.

Asubuhi, injini ikiwa baridi

Nenda mapema na fundi wako, si wa muuzaji. Weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa na joto, mtu ameliwasha kabla hujafika, na huenda kuna kitu hakutaka usikie likiwaka baridi. Funguo ikigeuzwa kabla ya injini kuwaka, taa za injini na za mifuko ya hewa lazima ziwake kisha zizime. Taa isiyowaka kabisa huenda imeng'olewa makusudi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, moshi mweupe mzito usiokoma ni maji yanayoingia kwenye injini. Fungua kifuniko cha oili: ukiona uji mweupe kama mtindi, usiendelee.

Vuta mikanda ya usalama mpaka mwisho wake. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalizamisha magari mengi Nairobi, mengine yakasafishwa yakaanza maisha mapya mbali na pale. Tope huoshwa kwenye viti, lakini mkanda ukiuvuta wote utaona alama ya maji. Angalia pia mpira wa pedali na ngozi ya usukani. Vitz nyingi zimekuwa teksi za programu Nairobi kabla ya kupanda mlima kuja kwetu, na pedali iliyoisha hailingani na kilomita elfu hamsini. Tairi zina tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Halafu liendeshe, na si kwenye tambarare. Barabara ya Embu kwenda Meru huteremka na kupanda kila mto, na gari dogo la hapa huishi kwa breki na giaboksi. Mteremko wa daraja la Nithi usiufanye uwanja wa majaribio. Julai 2022 basi lilitumbukia pale na zaidi ya watu 30 wakafa. Tafuta kilima cha kawaida, subiri gari lipate joto kwa dakika ishirini hivi, kisha simama katikati ya mpando na uondoke tena. Giaboksi ya CVT, ambayo iko kwenye Vitz na Note nyingi na baadhi ya Demio, ikichoka hujisaliti hapo: injini inanguruma, mwendo hauji, au gari linatikisika. Mara nyingi chanzo ni mtu aliyeweka oili ya giaboksi ya kawaida badala ya ile ya CVT. Kuibadilisha giaboksi nzima kunaweza kumeza sehemu kubwa ya akiba yako.

Siku ya kulipa

Mkutane mchana, kwa wakili au ndani ya benki, na mkataba uandikwe ukiwa na majina, nambari za vitambulisho, nambari ya chesisi na kiasi kamili. Muuzaji aingie kwenye akaunti yake ya NTSA mbele yako na kuanzisha uhamisho, nawe uukubali kwenye yako. Ada hutegemea ukubwa wa injini. Pesa ya gari iende wakati huo huo, si jana yake.

Panga viwango mapema. Kwa M-Pesa, muamala mmoja hauzidi 250,000 na kwa siku hauzidi 500,000, kwa hiyo laki nne na nusu zinahitaji kutumwa mara mbili. Kila mara soma jina kabla ya kuweka PIN. Muuzaji akisema "tuma kwa hii namba ya bibi yangu, yangu imejaa", lipeni kwa benki.

Na kama ni wewe unayeuza, usitoe funguo kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mnunuzi, wala kwa ujumbe ulioingia kwako. Angalia salio lako mwenyewe.

Ujumbe wa kila muamala usiufute. Andika nambari zake za kumbukumbu kwenye mkataba, karibu na sahihi. Simu ikipotea, unaweza kuomba taarifa ya miamala yako, na nambari hizo zitalingana na karatasi iliyo mkononi mwa wakili.