MINYOO YA TUMBO KWA WATOTO WANAOTIBIWA SARATANI

Wazee ambao watoto wao wanatibiwa saratani katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, pamoja na jamaa wanaowapokea huko, wanatanabahishwa juu ya jambo ambalo aghalabu hudharauliwa, nalo ni minyoo na vimelea vya tumboni.

Matibabu haya huchukua miezi mingi. Baina ya duru moja ya dawa na nyengine mtoto huweza kuruhusiwa kutoka wodini, na baadhi ya familia za Unguja na Pemba hufikia kwa jamaa zao Kariakoo, Ilala au Mchikichini. Mchikichini ipo kandoni mwa bonde la Mto Msimbazi. Mvua kubwa zinaponyesha, kama ilivyokuwa Desemba 2011, maji ya mafuriko huchanganyika na uchafu wa vyoo na kuenea katika makaazi ya watu.

Mtoto mwenye siha akipata minyoo hupewa dawa akapoa. Kwa anayetibiwa saratani mambo ni mengine. Dawa za saratani huua chembe za maradhi, lakini hupunguza pia chembechembe nyeupe za damu zinazoulinda mwili. Aidha, watoto wenye saratani ya damu hupewa predinisoloni au deksamethasoni, dawa ambazo hudhoofisha kinga.

Mnyoo wa kuogopwa zaidi hapo ni strongiloidi. Viluwiluwi vyake huishi katika udongo wenye kinyesi na huingia mwilini kupitia ngozi ya mguu usio na kiatu. Mnyoo huu huweza kuzaliana ndani ya utumbo kwa miaka mingi bila ya dalili. Kinga ikishuka, huongezeka kwa kasi, huingia mapafuni na hupitisha bakteria wa utumbo katika damu. Hali hiyo huua. Kidonge kimoja cha albendazoli au mebendazoli, kama kinachotolewa maskulini, hakitoshi kuumaliza. Dawa yake hasa ni ivamektini, na hutolewa kwa amri ya daktari tu.

Vipo pia vimelea vidogo, kama jiadia na kriptosporidia, viletavyo harisho la muda mrefu. Kriptosporidia haifi kwa dawa ya klorini inayotiwa katika maji ya kunywa. Hufa kwa kuchemshwa.

Hivyo basi, wazee wanaombwa kuzingatia yafuatayo:

(a) Kumweleza daktari, kabla ya dawa kuanza, iwapo mtoto aliwahi kuwa na minyoo au hutembea miguu mitupu, na kuuliza juu ya kipimo cha choo. Kipimo kimoja huweza kutouona mnyoo. Kikitakiwa tena, kisikataliwe.

(b) Kutompa mtoto dawa ya minyoo ya dukani wala ya miti shamba bila ya idhini ya daktari.

(c) Kumnywesha maji yaliyotokota, kumvisha viatu, na kumuepusha na kachumbari, matunda yaliyokatwa barabarani na juisi ya miwa yenye barafu.

(d) Kunawa mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni na kabla ya kumlisha.

(e) Kumrejesha hospitali siku hiyo hiyo akipata homa, harisho au kikohozi cha ghafla.

Baadhi ya wazee huona haya kutaja minyoo mbele ya daktari, wakihofia kudhaniwa wachafu. Haya hiyo haina nafasi hapa. Mficha maradhi, kifo humuumbua.